Bondia wa uzito wa juu akishazeeka na kupigwa, anaweza kujifunza kujilinda?

Leo siasa na mpira tuviweke pembeni kidogo, tuongelee ngumi.

Wiki mbili zilizopita kuna braza mmoja wa mtaani kwetu alinifuata kafe. Jamaa ni bondia, mwili mkubwa, ana miaka 38, mchana anabeba mizigo sokoni na jioni anapiga begi la mchanga. Mapambano yake matatu ya mwisho kapoteza yote, mawili kwa KO. Sasa kuna promota kamletea pambano jingine na hela yake siyo mbaya. Akavuta kiti, akaniambia: "Dogo, wewe unashinda humu kwenye mtandao. Hebu niangalizie kitu kimoja. Mtu wa umri wangu anaweza kujifunza kukwepa, au ndiyo basi tena?"

Nikacheka kidogo, halafu nikaona mwenzangu hacheki. Ana mke na watoto wawili. Swali lake lilikuwa la kweli kabisa.

Basi nimekaa hapa masaa kibao naangalia mapambano ya zamani, nasimamisha video, narudisha nyuma, naangalia tena. Haya ndiyo niliyoyaona. Mimi siyo kocha, ni mtu tu ninayependa ngumi tangu nikiwa shule, kwa hiyo wajuzi mtanisahihisha.

JIBU LA HARAKA

Kwa wenye dakika tano tu zilizobaki kwenye kompyuta, jibu ni hili: ndiyo, anaweza, lakini inategemea ni ulinzi wa aina gani. Kuna ulinzi unaotegemea wepesi, na huo umri ukishaondoka nao haurudi. Kuna ulinzi unaotegemea kujua: mikono ikae wapi, usimame umbali gani, lini umshike mwenzako. Huu mtu anaweza kujifunza hata akiwa na miaka 40. Tatizo ni kwamba ili aupate inabidi akubali kuacha ile staili iliyompa jina mjini, na wengi hapo ndipo wanapogoma.

Wenye muda, twende taratibu.

ULINZI WENYEWE NI NINI?

Wengi wetu tukisikia bondia anajilinda tunafikiria kuchezesha kichwa tu. Hiyo ni sehemu moja. Mimi nimeugawa ulinzi mara nne.

Kwanza ni umbali. Kama ngumi ya mpinzani haikufikii, huna haja ya kukwepa. Kinacholinda umbali ni ile ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele, mabondia wanaiita jebu. Watu wanaiona ni ngumi ya kuanzishia tu. Lakini ukimwekea mtu jebu usoni kila akitaka kuingia, inageuka kuwa geti. Haingii.

Pili ni mikono. Glovu ziwe juu, viwiko vibane mbavu, kidevu kiiname. Na muhimu kuliko yote, ukishapiga, mkono urudi ulikotoka kwa njia ileile. Mwaka 1936 Max Schmeling wa Ujerumani alimpiga Joe Louis kwa KO raundi ya 12 kwa sababu aligundua kitu kimoja tu: Louis akishapiga jebu, mkono wa kushoto unarudi ukiwa chini. Schmeling akawa anapitisha mkono wa kulia juu yake, tena na tena. Waliporudiana mwaka 1938 Louis alimmaliza raundi ya kwanza. Mkono kurudi chini ni kosa dogo sana, lakini Schmeling alishinda pambano zima kwa kosa hilo.

Tatu ni kichwa na miguu, yani kuinama, kuyumba, kurudi nyuma na kuzunguka. Hii ndiyo tamu kutazama na ndiyo inayozeeka mapema.

Nne ni kumshika. Mpinzani akifika karibu unamkumbatia, unabana mikono yake, unamlalia na uzito wako mpaka refa awatenganishe. Watazamaji wanazomea, lakini kwa bondia mkubwa ni dawa.

KWA NINI UZITO WA JUU NI HABARI NYINGINE

Uzito wa juu kwenye ngumi za kulipwa unaanzia zaidi ya pauni 200, kama kilo 91 hivi, na juu hakuna mwisho. Maana yake unaweza kukutana na mtu wa kilo 115 na ngumi yake moja ikafuta kazi nzuri ya raundi tisa. Kwenye uzito mdogo kosa moja mara nyingi linakugharimu raundi. Huku juu kosa moja linaweza kukugharimu pambano zima.

Lakini kuna upande wa pili. Nguvu ya ngumi huwa inachelewa kuondoka kuliko kasi. Kwa hiyo bondia wa uzito mdogo ambaye maisha yake yote ni kasi, akifika miaka 35 mara nyingi anaonekana mzee kabisa. Mzito bado anabaki na kitu cha kumfanya mwenzake aogope, na mpinzani anayeogopa haji hovyo. Ndiyo maana wazee wengi wa ulingoni tunaowasikia ni wa uzito wa juu.

ALI: ULINZI WA MACHO NA MIGUU

Tuanze na mkubwa wao. Muhammad Ali ujanani alikuwa akiacha mikono chini, ngumi ikija anavuta kichwa nyuma, inapita sentimita chache mbele ya pua. Makocha wote duniani wanakataza hicho kitu. Yeye aliweza kwa sababu macho yake yaliona mapema na miguu yake ilimtoa.

Halafu akafungiwa kwa kukataa kwenda jeshini, akakaa nje ya ulingo kuanzia mwaka 1967 mpaka 1970. Aliporudi miguu haikuwa ileile. Sasa angalia alifanya nini: badala ya kujifunza kuweka mikono juu na kupigwa kidogo, alitegemea uvumilivu wake. Pale Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974 alijilaza kwenye kamba, akamwacha George Foreman apige mpaka achoke, kisha akamwangusha raundi ya nane. Dunia nzima ilishangilia, na mpaka leo ukienda Kinshasa wazee watakusimulia. Lakini ule ulikuwa ulinzi wa gharama kubwa. Ngumi nyingi aliziziba kwa mikono, nyingine zilimwingia mwilini.

Mwaka 1980 akiwa na miaka 38 alipanda kupigana na Larry Holmes, kijana aliyekuwa akimsaidia mazoezini zamani. Hakukuwa na pambano pale. Kocha wake Angelo Dundee alilisimamisha baada ya raundi ya 10. Mwaka uliofuata akapigana tena na Trevor Berbick huko Bahamas, akapoteza kwa pointi. Mwaka 1984 ikajulikana ana ugonjwa wa Parkinson, akaishi nao mpaka alipofariki mwaka 2016. Siwezi kusema ngumi ndizo zilizomletea kila kitu. Lakini hakuna anayeangalia lile pambano la Holmes halafu akaona lilikuwa na maana.

Somo la Ali: kama ulinzi wako wote ni macho na miguu, siku vikiondoka hubaki na kitu cha kuanzia. Msingi wa mikono hujawahi kuujenga.

FOREMAN: ALIYEPIGWA NDIYE ALIYEJIFUNZA

Sasa mgeukie yule aliyeanguka Kinshasa. Foreman wa mwaka 1974 hakuwa na habari na ulinzi. Alikuwa anatembea mbele, anasukuma watu, anarusha makonde mapana kama anafyeka nyasi. Wengi hawakufika raundi ya tatu, kwa hiyo hakuwahi kulazimika kujifunza. Mwaka 1977 akapoteza kwa pointi mbele ya Jimmy Young, akiwa hoi kwa uchovu na aliangushwa raundi ya mwisho. Akaacha ngumi, akawa mchungaji kwa miaka 10.

Aliporudi mwaka 1987 alikuwa na miaka 38. Umri uleule wa braza wangu! Watu walimcheka kwa kitambi. Lakini ukikaa ukaangalia kwa makini, yule ni mtu mwingine kabisa. Mikono kaikunja mbele ya uso, mmoja juu ya mwingine kama mtu anayezuia jua. Staili hiyo ilikuwa ya Archie Moore, bingwa wa zamani aliyepigana mpaka uzee wake na ambaye aliwahi kumfundisha Foreman. Haihitaji wepesi hata kidogo. Ngumi inakuja, inagonga viwiko na mabega, basi.

Akapunguza pia mbio. Hakupoteza pumzi kurusha ngumi pana, alipiga jebu zito na kutembea polepole. Kati ya raundi na raundi alikuwa anasimama kwenye kona badala ya kukaa.

Alipoteza mapambano matatu kwenye hiyo awamu ya pili: kwa Evander Holyfield mwaka 1991, kwa Tommy Morrison mwaka 1993 na kwa Shannon Briggs mwaka 1997. Yote kwa pointi. Hakuna hata mmoja aliyemmaliza, na wakati huo alikuwa na miaka 42, 44 na 48. Katikati hapo, tarehe 5 Novemba 1994, akiwa na miaka 45, alimpiga Michael Moorer kwa KO raundi ya 10 na kuwa bingwa wa dunia. Alikuwa nyuma kwenye kadi za majaji wote watatu. Ulinzi wake haukumshindia raundi, ila ulimweka wima mpaka nafasi ya ngumi moja ikapatikana.

Kumbuka lakini, miaka ile 10 alipumzika. Kichwa hakikupigwa. Hilo watu huwa wanalisahau wanapomtaja Foreman kama mfano.

TYSON NA LEWIS: RIKA MOJA, ULINZI TOFAUTI

Mfano huu mimi naupenda kuliko yote. Tarehe 8 Juni 2002 mjini Memphis, Marekani, Lennox Lewis alipigana na Mike Tyson. Lewis miaka 36, Tyson alikuwa anakaribia kutimiza 36. Kwa kuzaliwa ni rika moja.

Tyson kijana alikuwa na ulinzi mkali kweli kweli. Glovu mashavuni, kichwa hakitulii, anainama kushoto, kulia, anaibukia kwako. Lakini ulinzi ule ulitaka magoti ya kijana na mazoezi ya kila siku. Mwaka 2002 kichwa kilikuwa kimesimama. Kila jebu la Lewis lilikuwa linampata.

Lewis yeye hakuwa mwepesi. Alikuwa mrefu, na alijua kukaa mbali. Raundi ya nane akamaliza kazi.

Na Lewis huyohuyo hakuzaliwa anajua. Mwaka 1994 pale London, Oliver McCall alimwangusha raundi ya pili. Wote wawili walirusha mkono wa kulia kwa pamoja, Lewis akiwa wazi, wa McCall ukafika kwanza. Lewis alifanya nini baada ya hapo? Akaenda kumchukua kocha aliyemwandaa McCall, Emanuel Steward wa Kronk, Detroit. Yani mtu aliyekujua udhaifu wako mpaka akakuangusha, unamwajiri akufundishe kuuziba. Hapo nilisimamisha video nikacheka peke yangu.

Steward alimrekebisha namna ya kusimama ili asiyumbe anapopiga, na akamfanya alitumie jebu ipasavyo. Lewis hakupoteza tena mpaka Aprili 2001, pale Brakpan, Afrika Kusini, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Alichelewa kufika kuizoea hewa ya huko, akawa mzito, raundi ya tano akarudi kwenye kamba mikono ikiwa chini. Hasim Rahman akamlaza. Novemba mwaka huohuo wakarudiana. Lewis alikuja mwepesi zaidi, jebu linafanya kazi, na raundi ya nne Rahman akawa chini. Ndani ya miezi saba mtu wa miaka 36 karekebisha ulinzi wake. Lakini tusidanganyane: hakujifunza kitu kipya. Alirudia alichokuwa anakijua akawa amekidharau.

KLITSCHKO: KIDEVU KIBOVU, GETI ZURI

Wladimir Klitschko wa Ukraine ndiye ushahidi mkubwa. Machi 2003 Corrie Sanders wa Afrika Kusini alimmaliza raundi ya pili. Aprili 2004 Lamon Brewster akammaliza raundi ya tano, akiwa amechoka hoi. Ukijumlisha na kipigo cha mwaka 1998 kwa Ross Puritty, watu wakasema huyu kidevu chake ni cha kioo, aache.

Steward alikuwa ndiyo ameanza naye kazi pambano lile la Brewster. Hakumkimbia. Na hakujaribu kukifanya kidevu kiwe kigumu, maana hakuna mazoezi ya kidevu. Alifanya kidevu kisifikiwe. Mtu ana urefu wa mita 1.98, kwa nini apigane karibu? Jebu mbele muda wote. Mpinzani akivuka jebu, anashikwa na kulaliwa. Wakitenganishwa, mchezo unaanza upya kule mbali. Hakuna kukimbilia kumaliza, hakuna kuchoma pumzi.

Septemba 2005 Samuel Peter wa Nigeria alimwangusha mara tatu. Yule Klitschko wa zamani angekwisha hapo. Safari hii aliinuka, akashika, akarudi kwenye jebu, na majaji wote watatu wakampa ushindi wa 114 kwa 111. Mwaka 2006 akachukua mkanda kwa Chris Byrd, na mwaka 2007 akarudiana na Brewster ambaye kona yake ilisimamisha pambano baada ya raundi ya sita. Alitetea mkanda mara 18 mfululizo. Hakupigwa mpaka Novemba 2015 alipokutana na Tyson Fury, mtu mrefu kuliko yeye aliyelifanya lile jebu lisifanye kazi. Wakati huo alikuwa na miaka 39.

Najua kuna mdau atasema: mwaka 2004 Klitschko alikuwa na miaka 28 tu, huo siyo uzee. Kweli kabisa. Na hilo ndilo ninalotaka mlione. Alijifunza mapema ulinzi usiotegemea wepesi, ukambeba mpaka karibu na 40. Mazoezi ya uzeeni yanatakiwa kuanza kabla ya uzee.

Na bei yake? Watu walilala wakimwangalia. Pambano lake na Alexander Povetkin mwaka 2013 mjini Moscow lilikuwa kukumbatiana usiku kucha. Alishinda. Alienda nyumbani na mkanda wake na akili zake timamu.

WILDER: UKIJILINDA MPAKA UKASAHAU KUPIGA

Siyo kila anayebadilika anafanikiwa. Deontay Wilder alifika Februari 2020 akiwa hajapoteza hata pambano moja, ushindi 42 na 41 kati ya hizo kwa KO. Fury alimpiga raundi ya saba, kona ya Wilder ikarusha taulo. Wilder akamfukuza msaidizi aliyerusha taulo, akamleta kocha mpya Malik Scott. Oktoba 2021 akarudi na mabadiliko kweli: alianza kwa kupiga mwilini, akamwangusha Fury mara mbili raundi ya nne. Lakini kadiri alivyochoka ndivyo alivyorudi kuwa Wilder yuleyule, na raundi ya 11 akalala.

Desemba 2023 kule Riyadh dhidi ya Joseph Parker alikuwa mwangalifu mno. Muda mwingi anatazama tu, ngumi hazitoki, akapoteza kwa pointi. Juni 2024 Zhang Zhilei akammaliza raundi ya tano. Wilder alikuwa na miaka 38, na Zhang aliyempiga alikuwa na 41!

Mimi naona hivi. Ulinzi wa Wilder maisha yake yote ulikuwa ni woga wa wapinzani kwa mkono wake wa kulia. Hawakuthubutu kusogea. Alipoanza kusitasita kupiga, ule woga ukaisha, na chini yake hakukuwa na ulinzi mwingine. Kuongeza tahadhari bila kuongeza ujuzi kunakufanya uwe shabaha iliyotulia.

SASA UNAJUAJE KAMA INAWEZEKANA?

Kutokana na hayo yote nimeandika maswali manne. Niliyaandika kwenye karatasi kwa ajili ya braza, nayaweka hapa kwa yeyote.

1. Ulipigwaje? Kama ngumi iliyokuangusha ilitokana na kosa linaloonekana, mkono chini, miguu imekaa vibaya, pumzi imekata, hilo linarekebishika. Kama uliiona ngumi inakuja, ukataka kukwepa na mwili ukakataa, hiyo ni saa ya mwili, hairudishwi nyuma.

2. Unaangushwa na ngumi zipi? Kama zamani ulikuwa unakula makonde mazito unabaki wima, na siku hizi hata ngumi nyepesi za mazoezini zinakutikisa, usitafute kocha, tafuta daktari. Kichwa kinachopigwa mara kwa mara kinahesabu, na ngumi za mazoezini nazo zinahesabiwa.

3. Nani anakufundisha? Angalia Lewis na Klitschko, wote walihitaji jicho la mtu mwingine. Rafiki anayekusifia kila siku hawezi kukuonyesha shimo.

4. Uko tayari kuacha nini? Foreman aliacha fujo, Klitschko aliacha kufurahisha watu. Kama unataka kujilinda na wakati huohuo upigane vilevile kama ulipokuwa na miaka 25, hapo unajidanganya.

Na ujue jambo moja zaidi. Kocha akikufundisha kitu kipya, kinakaa vizuri ukiwa na pumzi. Ukichoka unarudia ulichozoea miaka 15. Kwa hiyo ulinzi mpya wa mtu mzima unahitaji miezi ya kurudia kitu kilekile mpaka kichoshe, na pumzi ya kukifikisha raundi ya mwisho. Wiki tatu kabla ya pambano hazitoshi hata kidogo.

NILICHOMWAMBIA BRAZA

Juzi alikuja tena. Tukaangalia pambano lake la mwisho, alikuwa nalo kwenye simu, limerekodiwa na mshkaji aliyekaa karibu na kona. Tukalirudisha kama mara sita. Anapiga mkono wa kulia, mkono unarudi ukiwa kiunoni, ngumi ya pembeni inaingia. Nikamwambia, braza, hilo ndilo kosa, na linarekebishika. Akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Nikamsomea swali la pili. Akanyamaza. Halafu akasema taratibu kwamba kuna kijana wa kilo 75 anafanya naye mazoezi, mwezi uliopita alimgusa tu shavuni, na magoti yakalegea. Hakuwahi kumwambia mtu. Hata mkewe hajui.

Sikujua nimjibu nini. Nilimwambia tu kwamba mkono unaweza kufundishwa kurudi juu, lakini hilo la magoti siyo la kocha, na promota asipewe jibu lolote kabla daktari hajamwangalia kichwa. Akasema atafikiria, maana hela ya promota ni ada ya shule ya watoto. Akaondoka. Nilimwona kwa dirishani anatembea kwenda kituoni, glovu zake zinaning'inia begani, na mkono wa kulia anaupandisha kidevuni, anaushusha, anaupandisha tena.

Wadau, hasa mliowahi kupanda ulingoni au mna ndugu anayepigana: angekuwa kaka yako, ungemwambia nini? Andikeni hapo chini, nitamsomea yote akija. Matusi tafadhali hapana.

Naomba kuwasilisha.